Mguu Niliouficha Kanisani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Hiyo Amina mliyoitika ni ya watu wenye wasiwasi, lakini sawa, naipokea. Mmeona ninavyopanda hapa mbele kwa magongo, mmeona gauni langu linavyoning'inia upande wa kushoto bila kitu ndani, na mnajiuliza Mama Rehema leo atasema nini. Nimekuja kushuhudia jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyeniita. Kaeni mtulie.

Kwa wageni msionijua, mimi ni mtu wa hapa hapa Mwamgongo, hapa kando ya ziwa. Kazi yangu ni dagaa. Mitumbwi ikiingia asubuhi nanunua, naanika kwenye changarawe za ufukweni, nageuza, wakikauka namuuzia Bi Zuhura wa Ujiji anayekuja na boti kuchukua mzigo. Kazi hiyo tunaifanya miguu peku. Jua likiwaka changarawe zinachoma kama kikaango, lakini nyayo zetu zimeshakuwa ngumu. Mume wangu Stefano ni mvuvi. Yeye si mlokole, ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, na mmemwombea hapa mpaka amechoka kuombewa.

Mimi niliokoka Rehema akiwa bado mgongoni. Nilisikia katika kanisa hili kwamba mimi ni mwenye dhambi, kwamba Yesu alikufa mahali pangu, kwamba sina cha kulipa wala cha kuongeza, ni neema tu. Nililia siku hiyo mpaka kitenge kikalowa. Nilikulia katika nyumba ambayo hata kwa sahani ya ugali ulikumbushwa kwamba umelishwa. Kuambiwa kuna kitu cha bure, tena kikubwa kuliko vyote, kulinibadilisha kweli. Nilikuwa na furaha, jamani. Nilikuwa nageuza dagaa huku naimba, na majirani walinitania kwamba wale dagaa wangu ni wa kwaya.

Ugonjwa ulianza na kiu. Nilikunywa maji mpaka tumbo linacheza, na bado ulimi unakauka. Nikawa mtu wa kwenda chooni kila wakati. Nikakonda, gauni zikanipwaya, macho yakawa na ukungu. Sehemu za siri zikawa zinawasha hadi naona aibu kukaa mbele za watu. Stefano akasema, "Twende Kigoma." Tukapanda boti, tukaenda hospitali. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, anaongea taratibu.

"Mama, una kisukari," aliniambia. "Hakiponi, lakini kinatulia ukinisikiliza. Meza dawa kila siku. Na miguu uiangalie kama unavyoangalia mtoto mchanga, maana kisukari kinaua hisia. Usitembee peku tena."

Nikanunua viatu vya raba. Wenzangu ufukweni wakacheka, "Heee, Mama Rehema amekuwa bosi!" Nikacheka nao. Nilimeza dawa, kiu ikatulia, mwili ukaanza kurudi. Kama hadithi ingeishia hapo, leo ningekuwa nimekaa kwenye benchi nikimsikiliza mtu mwingine.

Kisha ikaja wiki ya maombezi. Mnaujua utaratibu wetu. Anayeombewa anakuja na dawa zake mkononi, na akiamini kweli anaziweka juu ya meza hii ya madhabahu na kuziacha. Halafu anapewa kipaza sauti akiri uponyaji wake. Nilipofika mbele mchungaji aliniuliza naumwa nini. Nikamwambia kisukari, na kwamba daktari amesema hakiponi.

"Nani amesema hakiponi?" Sauti ilijaa kanisa zima. "Magonjwa yako yalishabebwa msalabani! Kazi ilishakwisha! Ukiendelea kumeza hivi vidonge unamwambia Yesu kwamba damu yake haikutosha. Inatosha au haitoshi?"

Niambieni, mlokole gani atasimama mbele za watu aseme damu haitoshi? Nikasema inatosha. Nikaweka mfuko wangu wa dawa mezani. Mlipiga vigelegele nyinyi, mkapiga na ngoma, nami nikashika kipaza sauti nikapaza, "Nimepona!" Moyoni niliamini. Nataka mlijue hilo, kwamba niliamini kwa moyo wangu wote, maana baadaye mlisema sikuamini.

Jumapili iliyofuata dada mmoja wa maombi akaziangalia raba zangu. "Dada, kama umepona, viatu vya wagonjwa vya nini?" Nikavivua. Nikapelekwa huku na huku kushuhudia. Nilipelekwa hadi kanisa la Kidahwe, watu wakakata shauri kuokoka kwa ajili ya ushuhuda wangu, wengine wakaziacha dawa zao pale pale. Mimi nikawa mfano. Ukishakuwa mfano huna ruhusa ya kuumwa.

Siku moja jua lilikuwa kali mno na dagaa walikuwa wengi. Niligeuza tangu asubuhi. Nilipoingia ndani Stefano akaniuliza, "Hii damu sakafuni ni ya nani?" Nikageuka nikaona nyayo zangu mwenyewe, zimelowa. Unyayo wa kushoto ulikuwa umeungua, lengelenge limepasuka na ngozi imevuka, mchanga umejaa ndani. Na mimi nilikuwa sijasikia chochote. Nilijibonyeza kwa kidole nikaona kama nabonyeza mguu wa mtu mwingine. Hapo niliogopa sana.

Sasa mtasema, si ungeenda hospitali? Nyie wa hapa mnajua. Kutoka Mwamgongo huendi Kigoma kwa siri. Boti inapakia mbele ya kila mtu, anayepanda anaulizwa anakwenda wapi, na kabla haijawasha injini kijiji kizima kimejua. Mama Rehema aliyepona anakwenda hospitali? Ningekuwa nimemfanya Mungu mwongo. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba dalili ni uongo wa shetani, na ukiukubali kwa kinywa umeurudisha ugonjwa mwenyewe. Basi nikafunga kidonda kwa kitambaa, nikashusha kitenge mpaka chini, nikaja kanisani kucheza na wenzangu.

Kidole kidogo kikawa cheusi. Usaha ukawa wa kijani. Harufu yake ilinitapisha mwenyewe, lakini kijiji chetu ni cha dagaa, harufu mbaya haina mwenyewe. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu katika ibada aliniambia, "Mama Rehema, leo dagaa wako wameoza." Nikatabasamu, nikasema ndiyo, wamenyeshewa. Siku nyingine nikafungua kitambaa nikakuta funza weupe wanatembea kwenye nyama yangu. Nikawatoa kwa kijiti huku nakemea kwa jina la Yesu. Nilikuwa nakemea na kulia.

Nikamfuata mchungaji baada ya ibada, nikamwonyesha mguu. Upo hapo, mchungaji, na sikusingizii. Uliziba pua kwa leso. Hukuniuliza kama unauma. Uliniuliza, "Nani mwingine ameuona?" Nikasema mume wangu tu. Ukasema, "Mama, shetani anautafuta uponyaji wako. Ukienda hospitali sasa, wale waliookoka kwa ushuhuda wako watasemaje? Funga na kuomba." Nikafunga. Mwenye kisukari, mwenye kidonda, nikafunga!

Mwisho nilianguka kwenye changarawe, katikati ya dagaa, naweweseka. Walokole wenzangu walikuja wakanizunguka wakaanza kunena kwa lugha. Stefano alitokea majini na suruali imelowa, akawasukuma. Wengine mkamwambia anazuia kazi ya Mungu. Nilimsikia kwa mbali akifoka, "Mungu wenu akikasirika, anikasirikie mimi! Nimembeba mimi, yeye hakutembea!" Akaniweka kwenye boti. Nimeyafikiria sana maneno yale. Yule mnayemwita hajaokoka alikubali kubeba hatia mahali pangu. Sisi tunaoliimba jambo hilo kila Jumapili tulibaki ufukweni tukikemea.

Hospitali nilimkuta daktari yule yule. Alifungua kitambaa akaukagua mguu.

"Mama, nani alikuambia uache dawa?"

"Nilipona," nikamjibu. Hata pale, jamani, na joto la homa linanipekecha ubongo, bado nalinda ushuhuda.

Akamgeukia Stefano. "Baba, huu mguu umekufa. Tukiuacha tutamzika mama mzima." Wakaukata chini ya goti. Nilipozinduka, vidole ambavyo havipo vilikuwa vinawasha, nikanyoosha mkono kuvikuna nikakuta shuka. Nilipiga ukunga, wodi nzima ikaniangalia.

Kutoka kanisa hili hakuja mtu. Naisema hivyo hivyo, bila kuizungusha. Simu ilikuja moja, ya yule dada wa maombi. "Tunakuombea, dada. Utubu yale mashaka yaliyofungua mlango." Nikiwa na mguu mmoja, naambiwa nitubu! Aliyekuja ni Bi Zuhura, mteja wangu wa dagaa. Alikuja na uji wa ulezi usio na sukari, akaninawisha, akanibadilisha nguo, akazungumza na manesi kana kwamba mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Niliporuhusiwa akasema, "Huko kwenu kidonda hakitapona. Twende kwangu Ujiji." Nikakaa kwake mpaka kidonda kikafunga. Yeye ni Mwislamu. Saa ya sala alitandika mkeka wake, mimi akaniacha na maombi yangu. Hakuniuliza hata mara moja nina imani kiasi gani.

Sitawadanganya kwamba nilikaa Ujiji nikimsifu Mungu. Nilikuwa namchukia kila mtu, na Mungu nilikuwa simsemeshi. Niliona nimepoteza mguu, na wokovu pia nimeupoteza, kwa kuwa imani yangu haikutosha. Siku moja Bi Zuhura ananikanda bega, nikamwambia hivyo. Akashangaa. "Kwani si wewe ulikuwa unaniambia ufukweni kwamba kwenu ni bure?" Nililia siku ile kuliko nilivyolilia mguu. Ni kweli nilikuwa namwambia hivyo. Nilikuwa nahubiri neema kwa wateja, na huku nalipia uponyaji kwa nyama yangu.

Basi hiki ndicho ninachokiamini mpaka leo, msije mkasema nimerudi nyuma. Yesu alikufa kwa ajili yangu na akafufuka. Nimeokolewa kwa neema. Sikununua kwa mguu, na nisingeupoteza kwa kidonge. Imani ni mkono wa kupokea, na mimi mkono wangu niliufanya wa kusukuma, nikasukuma mpaka nikaanguka. Nyie mlisukuma pamoja nami, halafu nilipoanguka mkasema sikusukuma vya kutosha. Hilo limeniuma kuliko msumeno wa hospitali, na bado linauma. Kusamehe naomba nisaidiwe, maana sijafika.

Leo najichoma sindano ya insulini tumboni asubuhi na jioni. Sukari imetulia. Nageuza dagaa nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na mguu uliobaki una kiatu. Namshukuru Mungu aliyeniacha hai nimlee Rehema. Namshukuru Stefano, ambaye nakuombeni msimwombee tena mpaka mmwombe radhi. Namshukuru daktari. Namshukuru Bi Zuhura, Mungu amlipe, mimi siwezi.

Jana mchungaji alinishauri niseme kwamba Bwana aliuchukua mguu ili kuniachia roho. Ni maneno mazuri, yangepata Amina kubwa. Siyasemi. Bwana hakuuchukua mguu wangu. Uliozea humu ndani, kwenye benchi lile, kwa sababu niliwaogopa nyinyi.

Na ningeweza kukaa na uchungu wangu nyumbani nisiseme lolote. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa nyuma pale nikamwona Naomi, mke wa kijana wetu wa kwaya, akija mbele na vidonge vyake vya kifafa. Akaulizwa inatosha au haitoshi. Akasema inatosha. Akaviacha, mkampigia vigelegele, akashika kipaza sauti hiki hiki akasema amepona. Juzi nimemwona yuko ziwani anafua, maji yamemfika kiunoni, mtoto mgongoni. Nilisimama na magongo yangu nikimchunga kwa macho mpaka alipotoka, maana kifafa kingeweza kumshika mle majini.

Ushauri wangu kwa wote ni mfupi. Ombeni, na mmeze dawa. Mtu akiwaambia mchague, huyo hamjui Mungu vizuri, hata kama anavaa suti. Kama umeshashuhudia kwamba umepona na bado unaumwa, rudi hospitali mchana kweupe, panda boti watu wakiona. Mungu haaibiki. Sisi ndio tunaoaibika, na aibu haiui, mimi ninayo na nipo hapa.

Naomi, nakuona. Usilie. Hakuna aliyekukasirikia, na Mungu hata kidogo. Vidonge vyako bado vipo hapa mezani, hakuna aliyevigusa. Ningekuletea, lakini nikishika vidonge nitaachia gongo. Mchungaji, mpishe mtoto wa watu apite.

Njoo uvichukue, mwanangu. Sitakaa chini mpaka uvichukue.