Siku Tulipomchagua Mwenye Kiti

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kabambare, niliharibu karatasi tatu kabla ya adhuhuri. Wino wetu ulikuwa masizi ya chungu na gundi ya mti, na usipoukoroga sawasawa hutambaa. Mkubwa wa Baraza, mtu wa pwani aliyenilea na kunifundisha herufi za Kiarabu, alizitazama akacheka. "Karani haanzi na mkono, mwanangu," alisema. "Huanza na masikio." Ninyi mnaojivunia kalamu za chuma mtanicheka, lakini yangu ya mwanzi niliichonga mwenyewe kila asubuhi, na ilinitii.

Karani wa baraza alikuwa na kazi mbili: kuandika yaliyosemwa, na kutangaza zamu, yaani nani aseme baada ya nani. Kila jambo lililoletwa tuliliita shauri. Mkubwa alipohamia Kasongo nilimfuata, nikakuta baraza kubwa zaidi: wazee tisa, wengine watu wa pwani, wengine Wabangubangu na Wazimba wenye nchi yao. Wote walikaa mikekani. Kiti kilikuwa kimoja tu, kilichobebwa na wapagazi kutoka pwani, nacho kilikuwa mali ya Mkubwa. Basi aliongoza yeye, na sisi watu wake tulizoea kumwita mwenye kiti. Alitoa rai yake kwanza, kisha akauliza wengine wanaonaje. Mkubwa akishanena, nani atanena kingine?

Nilimpenda sana mtu yule. Nayasema haya mapema ili msidhani nilimfanyia chuki.

Siku moja alikuja Mama Kalunga, mkulima wa Lusangi. Watu wa Mkubwa walikuwa wamepanda mpunga katika shamba lake. Sisi watu wa misafara tulitenda mengi nchi ile ambayo sitayatetea. Mama huyu alikuwa amekuja mara mbili, na mara mbili Mkubwa alisema shauri limekwisha. Safari hii hakumtazama Mkubwa. Aliwageukia wazee.

"Mwenye kukata shauri ni ule ule mwenye kukula shamba yangu," alisema. "Sasa minalia kwa nani?"

Mzee wa Wamaza, mmoja wa wale tisa, mtu wa maneno machache, akaomba zamu. Alitaka anayeongoza achaguliwe na wazee wenyewe, agawe zamu bila kutoa rai, na shauri likimhusu yeye, ashuke amwachie mwingine.

"Nichagueni basi," alisema Mkubwa. "Mimi sina hofu."

Tuliweka vibuyu viwili, kimoja cha Mkubwa, kingine cha Mzee wa Wamaza, na kila mzee akapewa punje moja ya mahindi. Nilisimama nikauliza kwa sauti ya majivuno: "Nani awe mwenye kiti?" Punje sita ziliingia kibuyu cha Mkubwa. Mama Kalunga alijitwisha kikapu chake aende zake.

Mzee mmoja wa Kibangubangu alikuwa amekaa karibu nami. Nikamnong'oneza, "Na wewe pia?"

"Karani, uliuliza mwenye kiti," alisema. "Kiti iko ya Mukubwa, kila mutu anajua. Tuseme uongo?"

Wenzake wawili wakaitikia. Kosa lilikuwa langu! Neno la nyumbani kwetu nililipeleka kwa watu wasiolitumia hivyo. Nilisimama mbele ya wote.

"Mkubwa, swali langu lilikuwa na kosa. Naomba turudie."

Aliniuliza, "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Rudieni," alisema.

Nikauliza upya, nani aongoze baraza. Punje sita zikaenda kwa Mzee wa Wamaza. Aliongoza palepale mkekani, na Mama Kalunga akarudishiwa shamba lake lote. Mkubwa alitii. Tangu hapo alikaa na wenzake akingoja zamu, na rai zake, wallahi, zilikuwa nzuri kuliko zamani. Lakini mimi hakuniita tena mwanangu. Aliniita karani.

Miaka ikapita. Vita na Wazungu vilipofika mto Lualaba, Mkubwa alifunga mizigo kuelekea mashariki. Nilimsindikiza hadi nje ya mji nikiwa na matumaini yangu. Alinipa mkono. "Kwaheri, karani," akasema, akaenda.

Sasa macho yangu yamechoka na kazi nimeiacha. Siku hizi anayekaa mbele ya watu huletwa tu, hachaguliwi, na akisema amesema. Ninaikumbuka mikeka ile, wazee wakibishana mpaka mate yakauke, na naona uchungu.

Vijana huniuliza kama ningesema tena. Ningesema, shamba lilikuwa la Mama Kalunga. Ila ningemwendea kwanza Mkubwa, nikainama, nikamweleza sikioni kosa langu, nikamwachia asimame yeye. Angesimama. Ninamjua, angesimama mwenyewe na kusema rudieni. Sikumpa nafasi hiyo, na hilo ndilo linalonifanya nilie, mtu mzima kama mimi.