Mfumo Ulioachwa na Wenyewe

Pale hospitalini walimwita Mama Waya. Alikuwa mtunzaji wa seva, ile kompyuta kubwa iliyofungiwa chumba cha baridi nyuma ya maabara, yenye faili za wagonjwa na majibu ya vipimo vyao. Kwa miaka kumi na mmoja iliendeshwa na mfumo uleule, na yeye aliujua nje ndani.

Asubuhi moja akasoma tangazo: waliotengeneza mfumo ule wanauacha. Baada ya mwezi wa sita, tundu lolote la kupitisha wadukuzi likitokea hakuna wa kuliziba. 

Mifumo ya kushika nafasi yake ilikuwa miwili. Mmoja ulifanana na wa zamani kama pacha, lakini ulitunzwa na watu wachache wa kujitolea. Wa pili ulikuwa mgeni kabisa kwake, ila una watu wengi nyuma yake. Moyo ulimvuta kwa pacha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alijiambia. Akaujaribu wiki tatu kwenye kompyuta kuukuu, usimsumbue hata mara moja. Hata hivyo hakuweza kuamua.

Wifi yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, alimkuta kantini anakoroga chai iliyokwisha poa.

"Una nini, wifi? Kaka anasema akikuomba chumvi unampa sukari."

"Naogopa nitachagua mfumo vibaya, watu wakose majibu yao. Moyo unautaka ule unaofanana na wa zamani."

"Huo unaoutaka, unautakia nini?"

"Naujua."

"Wewe unaujua. Na siku ukilazwa wewe, nani mwingine anaujua?"

Alasiri ile aliwapigia simu mafundi wa hospitali nne za jirani. Watatu walikwisha hamia ule mgeni. Akaona haya kidogo. Kumbe alikuwa akijitafutia raha yake mwenyewe. Akaanza kujifunza upya, daftari mapajani kama mtoto wa shule.

Jumamosi ya kuhama alitoa nakala ya kila kitu, akaikagua mara mbili, akawasha mashine mpya. Majibu yalisomeka. Printa ya lebo za chupa za damu ikabaki kimya.

Mkuu wa maabara akasimama mlangoni. "Mama Waya, nina watu kumi na wawili kwenye benchi."

"Waandikieni kwa mkono, mkuu. Nipe nusu saa."

Akachukua simu, namba akaikosea, akapiga tena. Fundi wa hospitali ya jirani alipopokea, akacheka kwa upole. "Hilo lilinitoa jasho hata mimi, dada. Fungua mipangilio ya printa, nikuelekeze."

Dakika ishirini baadaye lebo ya kwanza ikatoka. Mkuu akalisoma jina lililo juu yake, akaipeleka kwenye benchi.

Mwezi mzima aliiacha seva ya zamani palepale, na kila asubuhi alipitia maabara kwanza kuuliza kama majibu yote yanasomeka. Siku ya thelathini akawaita wapagazi waiondoe. Alisimama kando, bado hajatulia sawasawa, akiwaonya wasiiangushe.