Asubuhi Bendera Ilipongoja Barabarani

Niliporudi Bunia kutoka Epulu, nilimwambia yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, kwamba ningekaa kwake wiki moja tu. Alicheka, akanionyesha pa kuweka mfuko. Yaya ananijua tangu tukiwa wadogo kule Mahagi. Mimi ndiye niliyeacha shule katika darasa la nne, kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara, na kila gari lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Tangu hapo nimefuata magari mengi. Nimebeba samaki Kasenyi, nimeosha sufuria za watu waliokuja kuangalia okapi, nimepakia mbao, nimeuza betri za redio. Hakuna kazi hata moja iliyonichosha. Kinachonichosha ni kubaki mahali pamoja.

Nyumba ya yaya iko mtaa wa Lumumba, upande mmoja wa barabara kubwa, na shule ya msingi ya binti yake iko upande wa pili. Ukisimama mlangoni unaona paa la shule na mlingoti wa bendera, karibu kabisa. Lakini katikati kuna malori ya Mahagi, jipu za wakubwa, na motari. Motari ni vijana wanaobeba abiria kwenye pikipiki, na kwetu wanapita kama maji ya mvua, popote penye nafasi.

Shule ilikuwa imejaribu. Kamati ya wazazi ilisimamisha kibao kilichoandikwa POLEPOLE, WATOTO. Nilipofika nilikikuta kimelazwa juu ya matofali, mama mmoja amepanga ndizi zake juu yake. Ndizi zilifunika neno la kwanza, likabaki lile la pili, kama vile ndiyo bidhaa aliyokuwa anauza.

"Mama, hiki kibao umekipata wapi?" nilimwuliza, maana siwezi kupita kitu bila kuuliza.

"Lori ilikiangusha. Unataka kilale mu matope? Nunua ndizi, baba, acha maswali."

Wazazi walijaribu pia tuta la udongo ili magari yapunguze mwendo. Mvua ililichukua kabla hawajamaliza kubishana nani aliyepoteza jembe la jirani.

Basi yaya akanipa kazi. Yeye hutoka mapema kwenda soko la Nyakasanza kuuza samaki wa chumvi. Mimi nimvushe mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la sita na hakutaka kushikwa mkono mbele ya wenzake. Siku ya kwanza nilipomshika alinitazama kwa huruma.

"Mujomba, weye hujui hii barabara. Acha miye nikushike weye."

Ijumaa moja alirudi mbio, mfuko wa madaftari ukimpiga mgongoni.

"Mujomba! Lundi ni miye napandisha drapo!"

Katika shule yake, kila Jumatatu mwanafunzi aliyefanya vizuri wiki iliyopita, kwa masomo na kwa adabu, ndiye anayeshika kamba ya bendera. Mwingine humsaidia kuishika bendera isiguse chini, lakini kamba ni ya mmoja. Watoto wengi wa darasa lake walikuwa wameshapata. Yeye mwaka mzima alikuwa anaikosa: mara amezungumza darasani, mara amechelewa kwa sababu ya barabara. Na hiyo ndiyo ilikuwa Jumatatu ya mwisho. Baada yake ni mitihani, kisha kutangazwa kwa matokeo, kisha anaiacha shule ile kabisa. Asipoishika kamba siku hiyo, hataishika tena.

Jumamosi na Jumapili hatukufanya kazi nyingine. Alifunga kamba juu ya mti wa avoka, akachukua kitenge cha mama yake, akaanza mazoezi. Ufundi wake ni huu: bendera ianze kupanda na neno la kwanza la wimbo wa taifa, ifike juu na neno la mwisho. Ukivuta haraka, itafika juu watu bado wanaimba, na itakaa pale kama mgeni aliyewahi karamu. Mimi nilikuwa mwimbaji. Wimbo naujua mwanzo na mwisho. Katikati nilinguruma tu.

"Mujomba, unaimba kama redio ya betri imekufa."

"Betri nimeuza mimi miaka mingi. Redio yangu inajua kazi. Vuta!"

Yeye alikuwa na kosa la haraka, na kitenge kilifika kwenye majani nikiwa bado natafuta maneno ya katikati. Tulirudia. Mara moja, mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisikia wimbo, akashuka, akavua kofia, akasimama wima kando ya ua. Kisha akatazama vizuri.

"Ee! Kumbe ni kitenge?"

"Ni kitenge, muzee," nilisema.

"Basi muendelee. Nimekwisha kusimama." Na kweli alingoja mpaka kitenge kikafika juu, ndipo akavaa kofia yake na kupanda baiskeli.

Hiyo ndiyo desturi yetu. Asubuhi shule inapopandisha bendera, filimbi hulia, na mtu yeyote aliye karibu husimama palepale alipo. Motari huzima pikipiki, lori hukata mwendo, mwenye beseni kichwani hutulia na beseni lake. Hakuna anayepiga hatua mpaka wimbo uishe. Watoto hufundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, na mpwa wangu alikuwa ameshika somo hilo kuliko yote.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mvua ilinyesha sana. Asubuhi tulitoka mapema, sare yake imepigwa pasi, viatu vimefutwa kwa mafuta ya kupikia. Tulipofika barabarani tulikuta lori nyuma ya lori. Yalikuwa yamekwama usiku kwenye shimo la matope upande wa Mahagi, alfajiri yamefunguliwa, na sasa yote yalikuwa yanaingia mjini kwa pamoja, yamejaa mifuko na mbuzi na watu waliokaa juu ya mifuko. Kati ya lori na lori walijipenyeza motari. Watoto wa upande wetu walikuwa wamejipanga ukingoni, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyethubutu. Polisi wa barabara alikuwa katikati anapuliza filimbi yake na kupunga mikono, lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Mujomba, saa?"

"Bado," nilisema, ingawa sina saa.

Tuliingiza mguu, tukautoa. Tukaingiza tena, tukautoa. Kisha filimbi ya shule ikalia.

Sijapata kuona barabara ile hivyo. Lori lililokuwa mbele yetu lilipumua likasimama. Pikipiki zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mama wa ndizi alisimama na mkungu mkononi. Polisi aligeukia mlingoti akawa mti. Na mpwa wangu alisimama wima kando yangu, mikono imenyooka, kidevu juu, hasogei.

"Nenda!" nilimwambia kwa sauti ya chini. "Barabara imesimama. Pita!"

"Sifle imelia," alijibu bila kufungua mdomo vizuri. "Mutu hatembei."

Wimbo haukuanza. Kupitia geti la shule niliona kwa nini. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amepuliza kwa kufuata saa yake, kisha ndipo alipotazama mlingoti. Mvulana wa kushika bendera alikuwepo, ameikumbatia. Wa kamba hakuwepo. Wa kamba alikuwa kwetu, ng'ambo ya barabara, anaiheshimu bendera ambayo haiwezi kupanda bila yeye.

Shule ilikuwa inamngoja yeye, yeye anaingoja shule, na mji mzima ulikuwa katikati unawangoja wote wawili. Hakuna filimbi ya kufuta filimbi. Nikaona mkuu wa shule, ambaye watoto humwita Mesie Direktere, anatembeza macho kwenye mstari wa darasa la sita, anatafuta mwingine. Alinyoosha kidole. Nikatazama chini: uso wa mpwa wangu haukusogea, lakini machozi yalikuwa yameanza kushuka, na hata kuyafuta hakuyafuta.

Hapo nikatoka ukingoni. Niliinua mikono yote miwili, nikaita kwa sauti niliyokuwa nauzia betri:

"Mesie Direktere! Mutoto wa kamba iko huku!"

Mji wote ulinitazama kwa macho tu, maana shingo zilikuwa zimekatazwa. Polisi alisema kwa pembe ya mdomo:

"Weye! Husikie sifle?"

"Nimesikia, shefu. Lakini drapo haiwezi kupanda. Anayeipandisha ni huyu."

"Huyu mudogo?"

"Huyu."

Polisi alifikiri. Kwa polisi aliyesimama wima, kufikiri kunaonekana kwenye nyusi. Juu ya lori mbuzi alilia. Dereva, mtu mnene mwenye taulo shingoni, alisema kutoka dirishani, macho mbele, "Shefu, kata maneno, mbuzi zangu zinachoka na heshima."

"Basi," polisi alisema hatimaye. "Kuenda ku drapo haiko kutembea. Apite."

Mpwa wangu hakukimbia. Alipiga hatua ndefu za gwaride, magoti juu, mikono ikipanda na kushuka, akapita mbele ya lori la mbuzi kama rais. Alipofika katikati, sauti ndogo ililia kutoka ukingoni:

"Na siye pia tunaenda ku drapo!"

Na watoto wote wa upande wetu wakamfuata kwa mstari, hatua ileile, hadi wale wa darasa la kwanza ambao miguu yao haikujua ianze upi.

"Na miye naenda ku drapo," alisema mama wa ndizi.

"Mama, weye simama," polisi alimjibu.

Kamba ilikuwa imelowa mvua, nzito. Kule kwenye avoka shida ilikuwa haraka. Siku hiyo ilikuwa kinyume chake. Nilimwona anavuta kwa uzito wa mwili wote, wimbo unaenda, bendera inafuata nyuma. Neno la mwisho likaimbwa na bendera ikabaki chini kidogo ya ncha. Watoto hawakujua washushe mikono au wabaki. Ndipo dereva wa mbuzi, kwa sauti nene, akarudia neno lile la mwisho na kulivuta, motari wakalidaka, shule nzima ikalishika, tukalivuta mpaka bendera ikagonga juu. Kisha pikipiki zote zikawashwa kwa pamoja, na hakuna aliyesikia tena kitu.

Tangu wiki ile, shule hupuliza filimbi mapema kidogo. Barabara husimama, watoto hupita kwa mstari, na bendera hupanda watoto wote wakiwa ndani. Motari hunung'unika kwamba wimbo umekuwa mrefu siku hizi. Polisi huwajibu kwa hukumu yake, ambayo sasa anaisema kama iliyotoka Kinshasa: kuenda ku drapo haiko kutembea. Saa ya kutoka bado hatujapata dawa, kwa hiyo mchana nasimama mimi na kitambaa chekundu, na wiki yangu moja imekuwa ndefu.

Siku ya matokeo tulimmwagia mpwa wangu unga kichwani mpaka akafanana na mkate, maana alifaulu, na kwetu ndivyo anavyopongezwa aliyefaulu. Lakini siku ile ya bendera, aliporudi mchana, nilimngoja mlangoni nikitarajia asante. Alitua mfuko wake, akaangalia viganja vyake vilivyochubuka na kamba, kisha akaniangalia mimi.

"Mujomba, toka kule ku mulingoti nilikuona. Watu wote walisimama muzuri, hata mbuzi. Ni weye tu ulikuwa unakuna mugongo."