Maji Yaliyotokea Zizini kwa Eufrasio

Angustias Robles hakuwa mtu wa kuomba. Hata mumewe Ginés alipofariki, majirani walipompelekea chakula, alirudisha vyombo vyao vimejaa lozi. Ndiyo maana siku tuliposikia amemwambia bintiye kwenye simu, "Haya, nitakuja," sisi wa mtaa wa chini wa kijiji cha Benajara tulijua mama wa watu amefika mwisho.

Kilichomfikisha hapo ni maji. Chemchemi ya nyuma ya nyumba yake, iliyokuwa ikinywesha mitini yake na bustani ya nyanya, ilikuwa imekauka kabisa, akawa mtu wa kuletewa maji kwa madumu kutoka bondeni. Bintiye Remedios anakaa mjini Almería, ghorofani. "Mama, unang'ang'ania nini huko? Mawe?" Mwishowe wakapatana: chemchemi isiporudi kufikia sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mwishoni mwa Juni, Angustias atahama. Alikubali kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa akiumia, maana kila mtini pale aliupanda na Ginés.

Basi tumaini lote likawa kwenye mfereji. Wamori, Waislamu waliotawala huku Hispania zamani, ndio waliotuachia mfereji huo. Unachota maji ya theluji juu mlimani, unayapeleka hadi kwenye mteremko wa mawe, na pale tunayaacha yazame ardhini. Mgeni akiona atasema tumerukwa na akili, maji mazuri hivyo tunayamwaga! Lakini mlima huyameza, ukaja kuyatoa polepole huku chini kwenye chemchemi, jua la kiangazi likishaanza kuchoma. Ila mfereji wenyewe ulikuwa umebomoka zamani, na haukujengwa tena kwa sababu ya ujinga, acha niseme wazi. Ginés alimshutumu Eufrasio Linde wa mtaa wa juu kwamba kamwibia zamu yake ya maji. Eufrasio akakana, wakashikana mashati mbele ya kanisa. Mtaa wa chini tukamfuata Ginés, wa juu wakamfuata Eufrasio, na maporomoko yalipouziba mfereji hakuna aliyetaka kutoa jasho ili mwenzake anywe. Ukaota vichaka. Eufrasio hakusemeshana tena na nyumba ile. Siku ya mazishi ya Ginés alikuja, akasimama mlangoni mwa kanisa na kofia mkononi, akaondoka.

Mwaka huu wakaja vijana wa chuo kutoka Granada na mabeleshi yao, wakasema watatusaidia kuufufua. Tukarudi kwenye utaratibu wetu wa zamani: kila nyumba itoe mtu na jembe, asiyekuja hana haki ya maji. Na kila kipande kinafanywa na watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, pasiwe na kutegeana. Majina yanatolewa kwenye kofia. Angustias alifika na jembe la Ginés begani, miguuni viatu vya marehemu alivyovijazia soksi. Jina lake likatoka pamoja na la Eufrasio. Kofia nzima ile, jamani! Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka.

Walifanya kazi wamepeana mgongo. Eufrasio hakumsemesha. Alimsemesha mbwa wake.

"Canelo, mwambie huyo mama ameacha mizizi hapo."

"Canelo," alijibu Angustias bila kuinua kichwa, "mwambie bwana wako macho anayo na mikono anayo."

"Canelo, mwambie marehemu mumewe alikuwa hodari wa jembe kuliko yeye."

Jembe likasimama hewani. "Mwambie," alisema Angustias, "jina la marehemu asilitie mdomoni mwake."

Maskini Canelo alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, hajui amsikilize nani. Mchana Eufrasio alikata mkate na soseji, akaweka kipande juu ya jiwe katikati yao, akasema ni cha mbwa. Na mbwa amefungwa kule kwenye kichaka, hawezi kukifikia! Angustias alikitazama sana. Njaa ilimuuma, lakini hakukila, na usiku alijuta.

Maji yakafunguliwa, watu wakapiga makofi, vijana wakarudi Granada. Tangu hapo kila asubuhi Angustias alikwenda nyuma ya nyumba, akatia mkono kwenye tundu la chemchemi. Kukavu. Mei ikapita. Chemchemi za wengine zikaanza kuamka, moja hapa, nyingine pale, na kila aliyekuja kumpa habari njema alimchoma bila kujua. Yake ilibaki kavu vilevile.

Siku ya Mtakatifu Yohane Remedios alifika na gari. Masanduku yakapakiwa. Jembe la Ginés, Remedios alilikataa. "Mama, kule utalima nini, lami?" Akaliegemeza ukutani. Angustias alikuwa amevaa viatu vyake vya mjini, anafunga mlango, ndipo tukamwona Eufrasio anateremka mbio, suruali imelowa hadi magotini. Hakuwa na mbwa.

"Angustias!" aliita. "Maji yametokea kwangu. Zizini. Mbuzi wangu wanaogelea!"

"Hongera, mzee," alisema Remedios. "Sisi tuna safari."

"Sisemi na wewe, binti." Akavua kofia. "Angustias, maji yale ni ya chemchemi yako. Yamelala miaka mingi, yamesahau njia. Tulilima wote wawili, kwa hiyo kwa utaratibu nusu ni yako. Na nusu yangu pia chukua, mimi yangu ya juu yananitosha. Lakini naapa mbele ya Mungu, safari hii sikuyaiba."

Angustias alimkazia macho. "Na safari ile?"

Eufrasio alizungusha kofia mikononi. "Ile niliyaiba," alisema. "Maharage yangu yalikuwa yanakufa. Nilikuja kanisani nimwambie Ginés, hata kama hasikii. Nikashindwa kuingia."

Tulidhani Angustias atampiga, na haki alikuwa nayo. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na sidhani kama hata yeye alijua ni ya hasira au ya furaha. Kisha akainama, akavua viatu vya mjini, akampa bintiye.

"Shusha masanduku, mwanangu."

"Mama!"

Lakini Angustias alikuwa ameshalichukua jembe. "Wewe anza kuchimba mfereji zizini, uje chini," alimwambia Eufrasio. "Mimi naanzia hapa mitini, tutakutana njiani. Na huyo mbwa mwache nyumbani. Nina mengi ya kukuambia mwenyewe."