Wajina Wangu Mahakamani

Juzi sokoni Nakuru nilipita karibu na mama mmoja anayeuza ugoro, nikapiga chafya hadi watu wakageuka. Walinionea huruma, kumbe mimi nilikuwa nacheka. Harufu ile kwangu ni nyanya, mama yake baba, aliyetutunza sote, baba, mama na mimi, katika nyumba yake ya Bondeni.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Basi sote wawili tulikuwa Nyambura, naye aliniita wajina. Baba akiwa na furaha aliniita mama yake. Sasa msinicheke: niliamini kabisa kwamba mwanamume hawezi kumpiga mama yake. Ndiyo maana siku baba alipomkaba mama shingo, nyanya akiwa sokoni, niliingia katikati yao nikijua vita vimekwisha. Alinivunja mkono.

Mama alinichukua tukahamia kwa dada yake, Kiamunyi. Baba akaenda mahakamani kudai nirudishwe, eti mtoto ni wa ukoo wake. Mama naye akaomba mahakama imwondolee baba haki zote za mzazi. Niliogopa kurudishwa kwa baba hadi nikakosa usingizi. Lakini pia niliogopa kunyang'anywa jina, maana niliona wazi kwamba baba akiondolewa, jina la mama yake litaondoka naye.

Siku ya kesi nyanya alikuja na kitambaa chake cha kanisani.

"Shosho, hiyo ugoro weka kwa mfuko," askari wa mlangoni alimwambia. "Hapa ni kwa hakimu."

Aliuweka, ila chafya yangu haikujali hakimu. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nifungwe plasta.

Nilidhani amekuja kumtetea baba. Alisimama, akamtazama, akasema polepole, "Huyu ni kijana yangu, na nampenda. Lakini huyu mtoto msimrudishe kwake. Atamuua." Baba aliinama, akatazama viatu vyake.

Hakimu alikubali ombi la mama. Tulipotoka nje nilimshika nyanya nguo, nikamuuliza nitaitwa nani sasa.

"Kwani jina ni ya baba yako?" akasema. "Jina ni yangu, na nimekupatia. Jumamosi nakuja kwenu, wajina. Uniwekee chai."

Alikuja kweli, Jumamosi hiyo na nyingine nyingi, akaketi na mama wakimenya viazi na kucheka, nami nikipiga chafya kando yao. Nilikua vizuri, jamani. Nilikua bila kusikiliza hatua za mtu mlangoni.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaifikiria jioni ya siku ile. Mimi nilirudi Kiamunyi nimeshikwa mkono na mama, sina tena baba wa kuogopa. Nyanya alirudi Bondeni, akawasha jiko, akampakulia mwanawe chakula.