Timu Iliyokwama Ng'ambo ya Wadi

Nilizaliwa Pemba, nikafika Ibra, mji wa Waarabu, kijana nisiye na baba wala mjomba wa kunishika mkono. Kiarabu changu watu walikicheka, nikajifunza hadi wakaacha kucheka. Mchana nilifanya kazi gereji, jioni nilisoma, na mwisho nikenda Marekani, nikarudi na diploma ya uongozi wa michezo. Siku hizo katika mkoa mzima wa Sharqiyah sikumjua mwingine aliyekuwa nayo. Imo ndani ya fremu juu ya televisheni, na mgeni asipoitazama mwenyewe humwonyesha.

Mji niliosomea ulikuwa mdogo kama Bidiya, jirani na Ibra, lakini ulikuwa na timu yake ya besiboli, ule mchezo wao wa rungu na mpira mdogo mgumu. Timu haikuwamo katika ligi kubwa wala haikuwa chini ya klabu yoyote. Wachezaji walilipwa kidogo na kulala katika nyumba za watu wa mji, na jioni familia zilikuja uwanjani na watoto na vyakula vyao. Mimi niliuza tiketi mlangoni. Mwaka wangu wa mwisho mfadhili alileta wageni kutazama mechi kubwa, akakuta uwanja mtupu, mechi haichezwi kwa kuwa wachezaji hawakufika, akaondoa fedha zake. Kabla ya baridi kuingia geti lilishatiwa mnyororo, na majani yakaota juu ya mistari ya chokaa. Hapo ndipo nilipojua timu ya mji mdogo inavyokufa. Haiugui. Asubuhi moja unaamka, haipo.

Hata hivyo niliporudi nilianzisha yangu, ya mpira wa miguu. Mwenye kiwanda cha matofali alikubali kuwalipa wachezaji, nami nikawa kocha, meneja na dereva, kwani leseni ya basi pia ninayo. Vijana wengi walikuwa wajukuu wa Unguja na Pemba, wazaliwa wa hapa, Kiswahili chao cha kuokotaokota. Uwanja ulikuwa wa vumbi. Wanawake walitazama wakiwa ndani ya magari yaliyopangwa pembeni, vioo vimefungwa, na tulipofunga bao honi zililia mpaka sokoni. Nizwa walitucheka, tukawafunga kwao. Jalan walitualika, tukawafunga nao.

Watu walinipongeza, nami nikapokea pongezi zangu zote. Lakini raha sikuiona. Kila Ijumaa niliyatazama yale magari nikitafuta gari lililokuwapo wiki iliyopita na leo halipo. Simu ya mfadhili wetu wa matofali ikilia, niliiacha ilie mara tatu kabla ya kuipokea.

Msimu wa tatu tukafika fainali, ichezwe Sur. Mfadhili akaniita majlisi kwake, sebule ya wageni, akanimiminia kahawa mwenyewe.

"Nimechoka," akasema. "Watoto wangu wananiuliza napata nini. Sur nitakwenda na wageni wangu. Wakiipenda timu, naendelea. La, nafunga mkono."

"Wataipenda."

"Inshallah," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu.

Sasa, tulikuwa na desturi. Kabla ya kila mechi ya mbali tulikula kwa mama wa golikipa wetu, kijijini kwao nyuma ya Bidiya, ng'ambo ya wadi, mto usio na maji ila mvua ikinyesha milimani. Siku zote ile wadi ilikuwa mchanga na mawe tu, unapita tairi zikiwa nyeupe kwa vumbi. Tulikuwa hatujafungwa hata mara moja baada ya kula kwake, na nani angethubutu kuiacha desturi siku ya fainali?

Tukala wali na nyama, tukala mikate ya kumimina, tukanywa kahawa. Jua lilikuwa kali. Upande wa milimani tu palikuwa na wingu jeusi, limekaa kama limealikwa mahali pengine. Nikaanza kukohoa kikohozi cha kuaga.

"Mnakwenda wapi?" akauliza mama wa watu. "Halwa bado. Udi bado."

Kepteni, kijana mwepesi wa miguu na wa ulimi, akaniinamia. "Ami, saa hiyo."

"Nyumba ya watu hii. Hatuondoki bila ya udi."

Kwetu mgeni haondoki hadi chetezo kizunguke, na mwenye nyumba anayewapenda wageni wake hukichelewesha. Mama yule alitupenda sana. Kilipozunguka hatimaye, kila mmoja akaifukiza kanzu yake, tukapanda basi tunanukia kama maharusi.

Wadi ilikuwa imeshuka na maji ya milimani.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na yalikwenda bila povu, kwa haraka isiyo na fujo. Nguzo za alama kando ya njia zilionekana nusu. Nilishuka nikasimama karibu, ndipo nikayasikia mawe chini ya maji yakisagana kama meno ya mtu aliyelala. Mikono yangu ikapata baridi katika jua lile.

"Kidogo tu hii," akasema kepteni. "Ami, si wewe unasema Pemba ulikuwa unaogelea bahari? Hii bafu."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Diploma haijafundisha wadi."

Nikatia ufunguo mfuko wa ndani wa kanzu.

"Nipe mie," kepteni akasema, hacheki tena. "Mie nimezaliwa hapa. Wadi ananijua."

"Anakujua, ndiyo maana anakungoja."

Ikaja Land Cruiser ya mzee mmoja jirani. Ikapunguza mwendo, ikaingia, maji yakapanda milangoni, ikayumba, ikatoka upande wa pili. Mzee akatupungia mkono.

"Umeona?" Kepteni alinijia hadi kifuani. "Umeona, ami? Gari mzima imepita. Unaua timu. Unaiua wewe, na roho yako ndogo."

Nilijua ninachokiua kuliko alivyojua yeye. Nilikwisha kuuona ule mnyororo getini. Lakini basi letu lilikuwa refu, na tairi zake ndogo, na ndani ni watoto wa watu. Niliyatazama maji nikiwaona wamebanwa kwenye vioo, kila mmoja kwa sura yake. Nikaegemea mlango wa basi ili asiingie mtu.

Simu ikalia.

"Mko wapi?" Mfadhili. "Wageni wamekaa."

"Wadi imeshuka."

"Wadi gani? Barabara ya Sur kavu yote, mimi nimeipita sasa hivi."

"Tuko kwa mama wa golikipa."

"Mnakula?"

Maji yalipungua magharibi ilipokaribia. Tukapita, nimeushika usukani kama kamba ya kisimani. Sur tulikuta taa za uwanja zimezimwa na kombe limeshatolewa. Mfadhili alikuwa ndani ya gari lake. Akashusha kioo, akawatazama vijana wote mpaka wa mwisho.

"Alhamdulillahi, wazima," akasema. Kisha, kwangu: "Khalas, basi, ndugu yangu."

Wiki hiyo hiyo timu ikawa imekwisha. Golikipa alipata kazi Nizwa, wengine wakachukuliwa na timu za Jalan, na uwanja wetu sasa hulazwa malori. Sokoni watu bado huniuliza kama maji yalikuwa mengi kweli. Nawajibu kwamba niliwarudisha wote kwa mama zao, waniletee kocha mwingine wa kufanya zaidi ya hapo. Lakini kama basi lingepita, sijui. Pengine lingepita.

Kepteni aliacha kunisalimu. Alioa, akapata mtoto, nikasikia kwa watu tu. Mwezi uliopita mvua ilipiga milimani, simu yangu ikalia mchana.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Niko hapa wadi. Mke na mtoto wako nyuma. Gari mbili zimepita." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kila mtu anapita, ami. Wananipigia honi."

"Zima gari," nikasema.

Akazima. Honi nikazisikia, na mtoto analia, na chini ya yote hayo yale maji.

"Usikate," akasema.

Sikukata. Nilikaa kitini kwangu Ibra, sakafu kavu chini ya miguu, simu sikioni, na mikono yangu ikawa baridi vilevile.