Kaptula Iliyotangulia

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, lakini kwa kuwa nyinyi ni rafiki zangu, na kwa kuwa Kemunto ameshawasimulia nusu yake (nusu mbaya), afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimerudi Nyansiongo kutoka bandarini Mombasa, ambako nilifanya kazi na wapiga mbizi, na nilirudi na mashine kuukuu ya kupumulia chini ya maji. Mashine yenyewe ilikuwa na mfuko wa mpira wa kufungwa kifuani, mtungi mdogo wa oksijeni na kopo la chembechembe za chokaa. Pumzi unayotoa inapita kwenye chokaa, inasafishwa, unaivuta tena, hata povu moja haliendi juu. Basi bomba la bwawa aliloliacha mzungu likaziba, ng'ombe wa majirani wote wakakosa maji, wakaniita mimi fundi wa Mombasa.

Kemunto, mke wangu, akaniambia, “Baba Moraa, shika pumzi, zama, vuta huo uchafu, toka. Mashine ya nini?”

“Mtaalamu hazami na pumzi za mdomoni kama bata,” nikamjibu. (Nyinyi mnacheka, lakini nilisema hivyo mbele za watu.)

Asubuhi nzima ikaishia kwenye kujaza chokaa, kukaza mipira na kufukuza kuku, huku ng'ombe wakilia, na watu wakazidi kujaa ukingoni, hata mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Manga kumwona mjukuu, akasimama mbali na wenzake. Nyinyi mnaijua chinsoni, ile heshima yetu ya mkwe na mkwewe: mimi na mama yule hatukuwa tumewahi hata kushikana mkono.

Nikazama. Kumbe lilikuwa gunia tu! Nikalivuta, likachomoka, maji yakaingia bombani kwa nguvu za ajabu na, jamani, yakaondoka na kaptula yangu, maana lastiki yake ilikuwa imelegea tangu zamani. Kule juu watu walikuwa wanatafuta mapovu hawayaoni, roho zikaanza kuwaruka, halafu upande wa pili wa bomba, kwenye birika la ng'ombe, kaptula ikatokea.

“Imekuja bila mwenyewe!” mtu akapiga kelele, na hapo kilio kikapasuka.

Mimi nilikuwa nimejificha kwenye matete, kichwa tu nje, nikiwaza nitatokaje, mara nikasikia sauti ya mama mkwe ikipita zote: “Ee mwanangu, uliyeniletea blanketi nikiwa mgonjwa! Uliyemtunza binti yangu asilie! Na mimi sijakuambia hata siku moja kwamba nakupenda!”

Ndugu zangu, nililia mpaka barakoa yangu ya kuzamia ikajaa machozi. Nilikuwa nadhani mama yule ananiona mtu wa maringo tu. Sikuweza kumwacha alie hivyo, nikavua barakoa nikaita, “Mama! Niko hai!”

Nilitaka kuongeza, “Lakini usisogee,” ila nilichelewa. Alijitosa majini na nguo zake, akanishika mkono, akaning'oa kama mche wa mgomba, na mbele ya majirani wote na mchungaji wa kanisa nikasimama ukingoni nikiwa na mfuko wa mpira kifuani na chini yake hakuna kitu.

Mama akageuka kwa kasi, akafumba macho, akafungua leso yake ya juu akaitupa nyuma bila kuangalia. Nilipanda kilima kwenda nyumbani nimejifunga leso ya maua mekundu, na Kemunto nyuma yangu anacheka na kulia kwa pamoja.

Ilibidi mbuzi achinjwe ili heshima irudi mahali pake. Siku hiyo mama alikaa chumba cha pili, na kupitia ukutani nikasikia akimtuma Kemunto, “Mwambie Baba Moraa, mkwe hai asiye na nguo ni heri kuliko marehemu mwenye suti.”

Wakiniuliza kama mashine ile inastahili taabu yake, nasema kwa kazi ndefu ya bandarini, ndiyo, hata kesho. Lakini kwa gunia la bwawani nimeapa: nitashika pumzi, nitajifunga mkanda wa ngozi, na nitatoa mapovu mengi kadiri Mungu atakavyonijalia, ili wanaonipenda wayaone.